Usingizi wa Siku ya Msiba

Siku mama yake alipokata roho, Mama Pasi alilala usingizi. Wala si ule wa kusinzia kitini ambao watu wangeusamehe. Alilala fofofo, juu ya mkeka, chumba cha pili, mchana kweupe, huku waombolezaji wakiingia mmoja mmoja na kuvua viatu mlangoni. Mwanzoni walidhani amezimia kwa uchungu. Jirani mmoja mwenye huruma akamletea maji ya kumnyunyizia usoni. Alipoinama na kusikia mkoromo, alisimama, akayanywa yale maji mwenyewe, na kabla hajarudisha kikombe habari zilikuwa zimeshafika jikoni kwamba binti wa marehemu kalala.

Msiba haukosi wasemaji. Waliosema walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima, mikono yao haijawahi kumgeuza mgonjwa hata mara moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walikwisha sema, wala sioni kama nina la kuongeza hapo. Miaka sita yule mama alikuwa amepooza upande mmoja, na miaka sita Mama Pasi ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha uji kwa kijiko, akimgeuza usiku asichubuke mgongo, halafu alfajiri anamwachia jirani ufunguo na kwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga pasi shuka za hospitali, na ndiko alikolitoa hilo jina. Mtoto hakuwa naye, mume aliwahi kuwepo akaondoka, lakini "Mama" walimpa hivyo hivyo, kwa heshima.

Basi ndivyo mdogo wake alivyomkuta. Mdogo mtu nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi. Alikuwa karani katika ofisi moja kubwa mji wa mbali, na alisafiri kutwa nzima kuja kuzika. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha pili, begi mkononi, akamtazama dada yake anavyokoroma. Hakumwamsha. Walizika kesho yake, wakakaa matanga, na siku ya kuondoka Kitinda aliuliza swali moja tu, machozi yakimtoka.

"Dada, mama alipokufa, ulisikia nini?"

"Sijui," Mama Pasi alisema.

Kitinda akaondoka na lile jibu. Tangu hapo hakupiga simu. Salamu zilipitia kwa mama yao mdogo, zikifika zimepoa. Na Mama Pasi naye, tangu siku ile, usingizi ukamkimbia. Alikuwa akijilaza na kukodolea dari macho, akilitafuta jibu la lile swali. Alijua fika alichosikia. Alisikia wepesi. Pumzi ya mama ilipokoma, kitu kilimtoka mabegani, na mwili wake wote ukasema ah. Hilo ndilo lililomtisha. Mtoto gani anafiwa na mama akasikia wepesi? Aliyajaribu maneno yote aliyokuwa nayo. Nafuu? Nafuu anapata mgonjwa. Faraja? Faraja inaletwa na watu waliokuja kukupa pole. Furaha? Mungu apishe mbali. Mwisho akaamua kwamba jambo lisilo na jina lazima liwe baya, na aliyelisikia lazima awe mtu mbaya. Akaanza kuishi kama mtu mbaya anavyoishi, kimya kimya, bila kumwomba mtu chochote.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinawaunganisha ndugu hawa, sanduku la nguo za marehemu. Lilikaa chini ya kitanda limefungwa, kwa sababu mmoja peke yake asingeweza kulifungua. Nguo za mama zinagawanywa na watoto wake wote wakiwa wamekaa pamoja. Mama mdogo alichoka kungoja, akapiga simu.

"Fungueni hilo sanduku, jamani. Nguo zitaliwa na mende. Nimeshaongea na mwenzio, atakuja mwisho wa mwezi, Jumapili."

"Amekubali?"

"Amesema atakuja mgawane, basi. Kila mtu na lake."

Mama Pasi alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo. Kila mtu na lake. Alielewa vizuri maana yake. Sanduku likishagawanywa, Kitinda hatakuwa tena na sababu ya kufika pale, na yeye atakuwa amebaki bila mtu duniani.

Wakati huo huo pale hospitalini mambo yalikuwa yamebadilika. Walikuja madaktari wageni, zikaja na mashine mpya za kufulia zenye maandishi ya Kiingereza kila kitufe, na mkuu wa hospitali akaamuru wafanyakazi wote wajifunze kidogo, kuanzia wapishi hadi walinzi. Darasa likawekwa kwenye stoo ya magodoro, jioni baada ya zamu. Wanafunzi walikaa juu ya magodoro, na ubao uliegemezwa kwenye vyuma vya kutundikia dripu. Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Wiki za kwanza walijifunza vitu: ndoo, mlango, moto, hatari. Kisha mwalimu akasema wagonjwa hawasemi vitu tu, wanasema na yaliyo moyoni, kwa hiyo leo tutajifunza ya moyoni. Akaandika maneno, na mengi yalipita vizuri. Huzuni, hasira, hofu, kila moja lilipata mwenzake wa Kiswahili, wakaitikia kwa pamoja. Halafu akaandika "relief", akasimama na chaki hewani.

"Hili," alisema, "hili ni... nafuu. Hapana. Ni faraja. Hapana, si faraja." Akajikuna kichwa kwa chaki, nywele zikawa nyeupe. "Ngoja niseme hivi. Kulikuwa na kitu kizito, au kinatisha, au kinauma. Sasa kimeisha. Unachosikia pale pale kilipoisha, ndiyo hii. Nani atanipa mfano?"

Mpishi, mzee wa masihara, akanyoosha mkono. "Ni pale umebanwa na haja, basi halisimami, halisimami, halafu dereva akasema haya, shukeni."

Stoo nzima ikacheka, magodoro yakatikisika. "Mnacheka," mwalimu alisema, naye anacheka, "lakini ndiyo hiyo hiyo. Amepata. Mwingine?"

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa maneno machache. "Mimi ni asubuhi," alisema. "Nikimwona mwenzangu anakata kona kuja kunipokea zamu. Lindo silichukii, ndilo linanilisha. Lakini nikimwona tu yule, nakuta nimeshaliegemea geti."

"Umeona?" mwalimu alidakia. "Hajasema anachukia lindo. Amesema lilikuwa zito, na mtu amempokea."

Mama Pasi alikuwa godoro la nyuma kabisa. Alikuwa akiutazama ule ubao kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa ukutani katika mji ambao hajawahi kufika. Alingoja mpaka wenzake wametoka, akabaki anakunja blanketi ambalo halikuhitaji kukunjwa.

"Mwalimu," alisema. "Hilo neno la mwisho. Linaingia msibani?"

"Kivipi, Mama Pasi?"

"Yaani mtu wako amekufa. Wako kabisa, damu yako. Halafu wewe ukasikia hiyo relief. Wenye lugha yao wanakubali? Au hapo wana neno jingine, la kumtukana mtu wa namna hiyo?"

Yule binti akaweka chini kifutio. Hakujibu haraka, na hilo Mama Pasi alilishukuru baadaye. "Neno ni hilo hilo," alisema. "Na si tusi." Akapangusa chaki vidoleni. "Babu yangu aliugua sana. Alipofariki, bibi akaomba chai. Akanywa kikombe, akaomba kingine. Sisi wajukuu tulimkasirikia, tukasema bibi hana uchungu. Ni leo tu, ulivyoniuliza, ndiyo nimemwelewa."

"Yupo bado?"

"Alishafariki."

Mama Pasi akasema pole. Walizima taa wakatoka, kila mmoja na njia yake.

Toka siku hiyo alianza kulijaribu lile neno, kama anavyoijaribu pasi kwa kidole chenye mate kabla ya kuigusisha kwenye shuka. Alilitumia kwa mambo madogo kwanza. Mashine iliyokwama ikifunguka, alisema relief. Mvua ikianza baada ya kuanua nguo, relief. Mara nyingine alikosea, akalisema wakati chakula kimekuwa kitamu, na mwalimu akamrekebisha. Wenzake wakampatia utani. Mpishi akimwona ng'ambo ya ua alipaza sauti, "Mama Pasi! Relief?" Naye alijibu, "Bado, baba, bado!" Wote wakacheka, wasijue anajibu nini.

Maana ilikuwa bado kweli. Neno alikuwa nalo, lakini aliyestahili kulisikia alikuwa mbali. Akaanza kutunga sentensi, anapiga pasi huku midomo inatembea. Aliamua ataisema kwa Kiingereza. Kitinda anaongea Kiingereza kutwa huko ofisini kwake, atakielewa. Na sababu nyingine, aliyoijua mwenyewe, ni kwamba kwa Kiswahili jambo lile lilimchoma. Kwa Kiingereza aliweza kulishika, kama mtu anavyoepua sufuria kwa kitambaa.

Jumapili ikafika, na Kitinda akafika nayo. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na safari."

"Nimeshapoa."

Alikataa chai, akasema amekunywa njiani. Wakalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, wakaketi mkekani, huku na huku. Kifuniko kilipofunguka, harufu ya mama ikatoka, sabuni ya kipande na dawa ya kuchua. Hapo wote wawili walitazama kando, kila mmoja upande wake.

Walianza na vitenge. Kitinda alisema chagua wewe uliyekaa naye, kwa sauti ya mtu wa kaunta. Mama Pasi akasema chukua wewe uliyetoka mbali. Ikawa ni chagua wewe, chagua wewe, mpaka wakaona bora wasimame wakunje kwanza. Mmoja alishika pembe mbili na mwenzake mbili, wakavuta, wakakutana katikati, wakapeana ncha. Mikono ilikuwa inaelewana kuliko wenyewe. Mara ya tatu walipokutana katikati, nyuso zimekaribiana, Mama Pasi akaitoa ile sentensi. Aliisema polepole, kila neno na nafasi yake, kulijibu lile swali la siku ya kuondoka. When Mama died, I felt relief.

Mikono ya Kitinda ikasimama.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Kazini. Tuna darasa."

"Relief." Kitinda alilitamka kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. "Kwa hiyo, dada, nimekuuliza nikiwa nalia, ukasema hujui. Halafu umeenda darasani ukatafutiwa neno zuri la kufunikia. Mimi maneno hayo nayasikia kila siku, yanatumwa ofisini kwenye barua. Hayaniumi wala hayanisaidii."

"Kitinda..."

"Mama hakujua hata neno moja la Kiingereza. Niambie kwa maneno ambayo yeye angeyaelewa. Kama huwezi, tugawane hizi nguo, niwahi basi."

Kitambaa kikawa kimenyang'anywa, sufuria bado iko motoni. Mama Pasi alikaa chini. Aliogopa kweli kweli. Akainamia sanduku, akawa anapekua bila kutafuta kitu, na vidole vyake vikagusa ngata, kile kitambaa cha kuviringisha kichwani mtu anapobeba mzigo. Ilikuwa ya mama, kuukuu, imelainika kwa miaka mingi. Akaitoa, akaishika mapajani.

"Unakumbuka maji?" alisema. "Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unanisubiri kizingitini. Nikitoka bombani na ndoo, nikifika mlangoni sisemi kitu. Mama anasikia miguu tu, anatoka, ananitua. Ndoo ikitoka kichwani, shingo inapanda yenyewe. Nilikuwa nacheka, unakumbuka? Wewe unaniuliza, dada unacheka nini. Nilikuwa nacheka kwa sababu nimetuliwa. Siyo kwamba maji nilikuwa siyataki. Maji ndiyo tuliyokuwa tunakunywa."

Kitinda naye akaketi, macho kwenye ile ngata.

"Sasa mama akawa ndiye ndoo. Miaka sita. Na aliyekuwa ananitua siku zote ndiye nimembeba. Nani atoke nje anitue? Wewe ulikuwa mbali, sikulaumu, mtu na riziki yake. Nilibeba mpaka nikasahau kama nimebeba. Halafu asubuhi ile Mungu akanitua. Na shingo yangu ikapanda yenyewe, Kitinda. Sikuiamuru. Nilimfumba mama macho, nikamfunika, nikawaambia majirani. Nikasema nijinyooshe kidogo tu, kabla watu hawajajaa. Sitakudanganya, ulikuwa usingizi mtamu. Sijawahi kulala vile tangu nizaliwe. Na tangu siku ile sijalala tena."

"Ulikuwa unampenda?" Kitinda aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kaunta.

"Kila siku. Hata siku niliyomfokea kwa kumwaga uji, nilimpenda. Na kila siku nilichoka. Sijui kwa nini watu wanataka kimoja kikiwepo kingine kisiwepo. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, vinalala kitanda kimoja na mimi."

Nje watoto walikuwa wakikimbizana na tairi. Kitinda aliichukua ile ngata kutoka mapajani mwa dada yake, akaigeuzageuza.

"Unadhani mimi niliumia nini?" alisema mwishowe.

"Kwamba sikulia. Kwamba nilikuwa nangoja afe."

"Hata." Machozi yalikuwa yameshaanza, naye hakuyafuta. "Kutwa nzima kwenye basi nilikuwa najiambia, mama hayupo, lakini dada yupo. Nikifika atatoka nje, atanipokea begi, nitalia kwenye bega lake. Basi. Sikuwa na wazo jingine. Nikafika mlangoni, nimeshika begi langu, watu wote wananitazama, hakuna anayenipokea. Nikaingia ndani nikakuta umelala. Nikasema, leo nimefiwa na wote wawili."

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kwa miezi kuitwa mtu mbaya. Hili hakuwa amejiandaa nalo, na lilimuuma kupita lile. Ndoo zilikuwa mbili siku ile, moja kichwani kwa Kitinda, na yeye mkubwa mtu hakutoka nje. Akasogea mkekani kwa magoti, akamshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, huku na huku, kama mama alivyokuwa akishika ndoo, na Kitinda akakiachia kichwa chote. Walilia, kwa sauti, bila kujali jirani. Nguo zilizokwisha kunjwa zikavurugika.

"Pole, mdogo wangu. Ningetoka. Ningekuwa macho ningetoka."

"Pole na wewe, dada. Mimi ndiyo sikuja kukupokea. Mwaka wa kwanza ningekuja, wa pili ningekuja."

Walipotulia, Kitinda alijifuta uso kwa kitenge cha mama bila kuangalia ni kipi, akamtazama dada yake vizuri kwa mara ya kwanza. Aliona macho mekundu yaliyoingia ndani, mashavu yaliyoshuka. Akainuka, akachukua zile nguo zote, akazirundika upande mmoja. Alibakiza kitenge kimoja.

"Lala," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Hapo hapo."

"Na nguo?"

"Zimengoja muda wote huu."

"Basi lako je?"

"Dada, lala."

Mama Pasi alicheka kidogo, cheko la mtu anayeona haya, akajinyoosha mkekani. Kitinda akaikunja ile ngata, akamwekea chini ya kichwa, akamfunika kitenge mpaka mabegani. Kisha akaketi pale mlangoni na mgongo wake ukutani. Haikuchukua muda pumzi ikaanza kuwa nzito.

Hapo ndipo hodi ikabishwa. Alikuwa yule jirani wa kikombe cha maji, amesikia vilio, amekuja kujua kulikoni. Mama Pasi alishtuka, akaanza kuinuka kwa mazoea, mkono wa mdogo wake ukamrudisha taratibu. Kitinda akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Karibu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nipo mimi. Dada amelala."